Reli ya Toroli kutoka Mombo hadi Handeni katika Vita vya Kwanza vya Dunia

Historia ya reli katika Mkoa wa Tanga huandikwa kwa kufuata njia moja tu. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikasonga mbele hadi Moshi kabla ya vita. Njia hiyo ilikuwa na upana wa mita moja, na kila hatua yake iliacha stesheni, daraja au tuta ambalo mtafiti anaweza kulipima hadi leo. Pembeni mwake, hata hivyo, palikuwa na reli nyingine zilizokuwa ndogo mno kuingia katika ramani za kawaida. Mojawapo ilitoka Mombo, ikavuka Mto Pangani na kuingia nchi ya Wazigua hadi Handeni. Ilitumika kwa muda mfupi, na karibu kila kilichoijenga kilikuwa kimekwisha kufanya kazi nyingine mahali pengine. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba reli hiyo, ambayo vitabu vya vita huitaja kama hila ya kijeshi, hueleweka vizuri zaidi ikisomwa kama sehemu ya historia ya mashamba ya mkonge na ya kazi za mikono.

Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea katika bonde la Pangani na kandokando ya reli ya Usambara. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji, na nyuzi zake ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Tena likishakatwa halifai kukaa muda mrefu kabla ya kupitishwa katika korona. Kwa hiyo shamba la mkonge lisingeweza kuendeshwa kwa vichwa vya wapagazi. Lilihitaji reli ndani ya shamba lenyewe. Reli iliyochaguliwa ilikuwa ya upana wa sentimita 60, ya aina iliyoenezwa Ufaransa na Paul Decauville na kutengenezwa kwa wingi Ujerumani na kampuni ya Orenstein & Koppel. Vyuma vyake viwili vilifungwa tangu kiwandani juu ya mataruma ya chuma, vikawa vipande vya mita chache ambavyo watu wachache waliweza kuvinyanyua, kuvihamisha na kuviunganisha tena. Mkonge ulipokwisha kukatwa upande mmoja, reli ilihamia upande mwingine. Penye majimaji iliinuliwa juu ya magogo. Penye ardhi kavu ililazwa tu chini.

Ulaya nako swali la udogo wa reli lilikuwa na wapenzi wake. Huko Uingereza, kuanzia miaka ya 1870, Arthur Heywood alijenga katika shamba lake reli ya upana wa inchi 15, yaani sentimita 38 hivi, akitaka kuthibitisha kwamba injini ya mvuke inaweza kuwa ndogo kiasi hicho na bado ikafanya kazi ya maana. Kutokana na shauku ya namna hiyo zilitokea baadaye reli za bustanini, nyingine zikiwa zimeinuliwa juu ya nguzo fupi ili abiria aketi akiwa ameteremsha miguu pande zote mbili. Korogwe jambo hilo halikuwa la kujifurahisha. Baadhi ya mashamba makubwa yalinunua injini ndogo za mvuke, lakini mengi yaliona kwamba toroli iliyosukumwa na watu ilitosha, na sababu yake haikuwa ya kiufundi peke yake.

Sababu ilikuwa bei ya msukumaji. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto na iliyokuwa na Mombo ndani yake, serikali ya Wajerumani iliweka tangu mwaka 1907 utaratibu wa kadi ya kazi: mtu mzima alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Penye utaratibu kama huo injini haina faida kubwa. Mvuke huhitaji maji safi, kuni, mafuta, fundi na reli nzito zaidi. Msukumaji alihitaji posho, na aliyemlazimisha kuja kazini hakuwa mwenye shamba bali dola.

Ikumbukwe kwamba eneo hilo halikukosa mitambo ya hali ya juu pale ambapo mtaji uliitaka. Mkumbara, karibu na Mombo, palikuwa na njia ya waya iliyojengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig kwa ajili ya kampuni ya mbao ya Wilkins & Wiese. Vigari vilining'inia angani na kuteremsha magogo kutoka misitu ya Shume, yapata mita 1,500 juu ya uwanda. Mzigo uliokuwa ukishuka uliweza kuachiwa uzito wake wenyewe. Palipokuwa tambarare, kazi ilirudi mikononi mwa watu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, udhaifu wa mfumo mzima wa usafiri ulijitokeza. Koloni lilikuwa na reli mbili, ya Usambara na ile ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, nazo hazikukutana popote. Kabla ya vita meli ziliziunganisha kati ya Tanga na Dar es Salaam, lakini jeshi la majini la Uingereza lilipoufunga mwambao, kiungo hicho kilikatika. Chakula, risasi na dawa vilipaswa kupita nchi kavu, kupitia Handeni hadi Kimamba kwenye Reli ya Kati. Mpagazi alibeba kilo 25 hadi 30, naye alikula njiani sehemu ya kile ambacho safari nzima ilikusudiwa kukifikisha. Tani moja ilihitaji watu zaidi ya 30, na hao nao walihitaji wengine wa kuwabebea chakula.

Hapo ndipo reli za mashamba zilipong'olewa. Vyuma na toroli za mashamba ya kaskazini vilipelekwa Mombo na kuunganishwa kuelekea kusini. Hakukuwa na haja ya kuagiza chochote kutoka Ulaya, wala isingewezekana. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliitaja njia hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920 kama sehemu ya maandalizi yake. Upande wa Waingereza iliitwa reli ya toroli, na jina hilo ni sahihi, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa ya mikono. Katika uwanda wa Handeni, ambako maji ni ya shida hata katika miaka ya kawaida, injini ya mvuke ingekuwa mzigo juu ya mzigo.

Umuhimu wake ulidhihirika mwaka 1916. Jenerali Jan Smuts aliteremka bonde la Pangani kuanzia mwishoni mwa Mei, akifuata reli. Ramani ilidokeza kwamba adui angerudi nyuma kuelekea Tanga, maana jeshi hufuata njia yake ya chakula. Lakini njia ya chakula ilikuwa imekwisha kupindishwa. Kikosi cha Meja Kraut kiliiacha reli kubwa huko Mombo na kufuata ile ndogo. Tarehe 9 Juni palipiganwa Mkalamo, kwenye Mto Pangani, mahali ambapo reli ya toroli ilipita. Korogwe ikatekwa tarehe 15 Juni, na Handeni siku chache baadaye. Tarehe 24 Juni mapigano yalikuwa yamefika Mto Lukigura. Tanga, ambayo mwaka 1914 ilikuwa imetetewa kwa damu nyingi, iliingiwa tarehe 7 Julai bila mapambano makubwa, kwa kuwa haikuwa tena mwisho wa njia yoyote yenye maana kwa Wajerumani.

Wanahistoria wa kijeshi husimulia tukio hilo kama ushahidi wa uhodari wa kamanda. Hukumu hiyo si ya uongo, ila ina kasoro. Lettow-Vorbeck hakubuni reli hiyo kutoka mahali patupu. Alichukua vyuma vilivyokwisha kubuniwa kwa ajili ya kuhamishwa, na akachukua pia desturi ya kumwona mtu kuwa mashine ya bei nafuu kuliko mashine. Makamanda wa pande zote mbili waliandika juu ya toroli. Waliozisukuma hawatajwi kwa majina katika maandishi hayo. Hata wapagazi wa Waingereza, waliokufa kwa maelfu mengi, wameachiwa angalau jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wasukumaji wa Mombo hawana hata hilo.

Haja iliyozaa reli hiyo haikwisha pamoja na vita. Chini ya utawala wa Waingereza reli mbili ziliendelea kutengana, na ya Tanga ikaunganishwa kwanza na Voi, yaani na Kenya. Mwaka 1963, baada ya uhuru, ndipo ilipofunguliwa njia ya kutoka Mnyusi, wilayani Korogwe, hadi Ruvu kwenye Reli ya Kati. Njia hiyo ilipitishwa mashariki, karibu zaidi na pwani, na mji wa Handeni ukaachwa kando.