Udongo wa chungu: ni upi salama, ni upi wa kuogopwa?

Mchuzi wa papa uliopikwa kwenye chungu hauhitaji kupigiwa debe hapa Pwani. Lakini swali la siku hizi ni jema: je, udongo wenyewe hauna sumu?

Jibu fupi ni kwamba chungu cha kienyeji kisichopakwa kitu, kilichofinyangwa kwa udongo safi na kuchomwa vizuri, si cha kuogopwa. Hatari huingia kwa milango miwili: mahali udongo ulipochimbwa, na kile kilichopakwa juu yake.

Ulipochimbwa

Udongo wowote una madini. Wekundu wa chungu, kwa mfano, hutokana na chuma, nacho hakidhuru. Kinachodhuru ni risasi, ambayo kiasili huwa kidogo sana udongoni, lakini huongezeka karibu na gereji, majaa na viwanda vya kuyeyusha betri. Owino Uhuru, Mombasa, ni ushahidi tosha: kiwanda cha betri kuukuu kiliacha risasi ardhini na katika damu za watu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mfinyanzi asichimbe mahali kama hapo.

Wengine husema moto unamaliza kila kitu. Si kweli. Moto huua vijidudu na kuunguza mizizi na takataka, lakini risasi ni madini, haiungui ikaisha.

Kilichopakwa juu

Mng'aro ni wa aina mbili. Kuna ule wa mfinyanzi kusugua chungu kwa kokoto laini kabla ya kukichoma. Huo hauna neno. Kuna na ule wa tabaka linalong'aa kama kioo. Tabaka hilo likiwa na risasi, na moto usipotosha, risasi hutoka na kuingia chakulani, hasa ukipika kwa ukwaju, ndimu, siki au nyanya. Nchini Mexico, vyombo vya aina hiyo vimedhuru watoto wengi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hudhurika ubongo, na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Mja mzito naye humpitishia mwanawe aliye tumboni.

Ukienda kununua

- Muulize mfinyanzi udongo ameutoa wapi na amepaka nini.
- Kigonge kwa kidole. Kikilia kwa sauti kali, kimeiva na hakina ufa. Kikilia butu, kiache.
- Chungu cha pambo, kilichopakwa rangi ya dukani au vanishi, kisipikiwe.
- Kioshe kwa maji ya moto na brashi. Usitumie sabuni, maana udongo huinywa. Kianike kikauke kabisa, kisije kikaota ukungu.
- Kikianza kumomonyoka ndani, kistaafishe.

Wala usikimbilie sufuria yoyote ukidhani umepona. Utafiti wa Cameroon uliochapishwa 2014 ulikuta sufuria zilizosubiwa kwa alumini ya vyuma chakavu zikitoa risasi.

Ukiwa na wasiwasi na chombo ulichokitumia kwa muda mrefu, acha kukipikia, kisha muulize daktari kuhusu kipimo cha risasi katika damu, ukianza na watoto.