Yesu wa Murang'a na sare ya Bismarck

Ukisema "mchoraji wa historia", wengi wetu tunaona mzungu mwenye ndevu. Sawa, wacha nianze na mmoja. Anton von Werner, Mjerumani, alizaliwa 1843. Januari 1871 alikuwa Versailles, Wilhelm akitangazwa Kaizari wa Ujerumani. Aliona kwa macho yake. Lakini alipochora tukio hilo tena 1885, Bismarck akitimiza miaka 70, alimvisha sare nyeupe ndiyo atokee kwa umati. Siku yenyewe jamaa alikuwa amevaa buluu. Kwa hivyo kuediti picha hakukuanza na simu yako.

Sasa panda matatu hapa Othaya, pitia Kiriaini, shukia Murang'a. Kanisa la Anglikana la St James lina michoro mitano mikubwa ukutani. Ni kazi ya Elimo Njau, kijana wa Marangu kule Kilimanjaro, mzaliwa wa 1932, aliyesomea sanaa Makerere. (Ndiye baadaye alianzisha Paa ya Paa Nairobi, 1965.) Aliichora miaka ya mwisho ya hamsini, Hali ya Hatari bado haijaondolewa. Na yeye pia alibadilisha nguo: Yesu ni mweusi, na kwao ni Ugikuyu, toka kuzaliwa mpaka msalaba. Hii ni enzi ya Yesu wa kalenda, macho ya buluu, nywele za singa. Hiyo ilihitaji roho ngumu, si utani.

Shida yangu ni kanisa lenyewe. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Babake shosho yangu alikuwa msituni, upande ule mwingine. Shosho, akiwa mtoto, aliishi kwenye vile vijiji ambavyo Waingereza walisukumia watu zaidi ya milioni moja kuanzia 1954. Bado anaongea juu ya handaki na vijiti vilivyochongwa ndani yake.

Nilimpeleka Desemba. Nilidhani atakataa kuingia. Aliingia, akasimama mbele ya msalaba muda mrefu, mkono kwa kiuno.

"Huyu aliyechora alikuwa upande gani?"

Nikamwambia hakuwa wa huku, alitoka Tanganyika.

"Ndiyo maana," akasema, akatafuta benchi akaketi.

Hadi leo hajanieleza ndiyo maana ya nini.