Bi Harusi Anayeogopa Bunduki: Habari Kutoka Tabora ya Misafara



Miongoni mwa masuali mliyotuletea, moja limetukalisha kitako siku kadhaa. Dada yetu mmoja anaolewa Isevya, Tabora. Mahari yameshapokelewa, nguo za harusi ziko kwa fundi. Mchumba ni mtu wa sala na mpole wa maneno, ila ana mapenzi na mchezo wa kulenga shabaha, na ameshasema kwamba angefurahi mkewe awe mwenzake katika mchezo huo. Dada yetu akisikia tairi limepasuka barabarani hujishika kifua. Anauliza kama khofu hiyo ni udhaifu, na kama mke mwema anapaswa kuimeza.

Tungeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini mji anaokwenda kuishi si mji wowote. Bunduki na ndoa Tabora zimekaa nyumba moja tangu enzi za babu wa babu zetu, na wengi wa babu hao walitoka hapa hapa visiwani.

Kabla ya reli kufika mwaka 1912, kutoka pwani hadi Tabora ilikuwa miezi mitatu ya miguu au zaidi. Wapagazi walishuka na pembe za ndovu, wakapanda na nguo, shanga, waya na baruti. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, mahali hapo wakapaita Kaze, waliwakuta Waarabu na Waswahili wameshajenga matembe makubwa, wana mashamba na wana wake. Msafara ukikaribia mji ulijulikana kwa milio. Watu walipiga bunduki hewani kutoa salamu, na wenyeji wakajibu kwa milio yao. Mwanamke wa Tabora aliusikia mlio huo kama sisi tunavyosikia honi ya meli inapoingia bandarini: mume amerudi, au habari za mume zimerudi bila yeye.

Bunduki zenyewe hazikuwa za kuchezea. Nyingi zilikuwa za gumegume, za kumimina baruti mdomoni na kuishindilia kwa mdeki. Zilikuwa za bei rahisi na nyingine zilipasuka mikononi mwa mwenyewe. Zilipita Unguja kwa wingi wa kutisha. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hapa kisiwani zilikuwa bidhaa kwenye ghala. Zikifika bara zilikuwa ni kitu kingine.

Mchukueni Hamed bin Muhammed el Murjebi, tuliyemzoea kwa jina la Tippu Tip. Wapo wasemao aliitwa hivyo kwa sababu ya kupepesa macho. Mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichokisimulia kwa Kiswahili, alisema ni kwa mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu aliowapiga. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makazi Tabora na akamuoa Karunde, binti ya Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mama yake Tippu Tip, Mwarabu wa ukoo wa Maskati, alikuwa mke wa huku kisiwani. Tunawaachia nyinyi mfikirie hali ya mke wa kisiwani aliyekuwa akisubiri barua ya kutoka bara. Ila ndoa ya Karunde ilikuwa ndoa ya heshima, ya mtemi na mgeni, na ilimpa mfanyabiashara yule nguvu ambayo mapipa ya baruti yasingempa.

Si kila mwanamke aliyeingia tembe la Tabora aliingia hivyo. Wapo wengi, sana kutoka Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambao hawakuletewa posa. Walikuja kwa sababu bunduki zililia kijijini kwao alfajiri. Wakawa watumwa, wakawa masuria, wakazaa watoto, na leo wajukuu wao ni watu wa Tabora, wa Ujiji, na wa Unguja pia. Tunalisema hili bila kupunguza, kwa sababu mara nyingi historia ya misafara huhadithiwa kwa pembe na shanga tu. Mwanamke wa ukoo huo akisituka anaposikia mlio, sisi hatumuiti muoga.

Hata mke aliyebaki nyumbani hakusalimika na lawama. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika imani ya wawindaji wa ndovu wa Afrika Mashariki kwamba mke akikosa uaminifu mumewe akiwa porini, ndovu hupata nguvu juu ya mwindaji. Mume akirudi amevunjika mguu, anayetazamwa kwa jicho baya ni mke. Bunduki ameibeba mume, shabaha ameikosa mume, na kesi ni ya mke! Tumecheka, kisha tukaacha kucheka.

Halafu vikaja vita. Mwaka 1860 na kuendelea Waarabu wa Tabora waligombana na Mtemi Mnywasele, wakamtoa na kumweka Mkasiwa. Speke alipopita tena mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, hakufanikiwa. Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Mirambo na rugaruga wake. Agosti 1871 wanaume wa Tabora walitoka kwa majigambo kwenda kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao, wakarudi wametawanyika. Siku chache baadaye Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Waliojificha ndani ya matembe siku ile walikuwa wanawake na watoto. Na Januari 1893, Wajerumani chini ya Tom von Prince walipolivamia boma la Mtemi Isike, mtemi aliwasha ghala lake la baruti kuliko kutiwa mkononi akiwa mzima.

Basi, bi harusi wetu, mji unaokwenda una kumbukumbu hizo. Mchumba wako akikwambia "hiki ni kitu cha kawaida tu", mwambie kwa upole kwamba kwa wanawake wa njia ya misafara hakijawahi kuwa cha kawaida.

Lakini ipo historia nyingine, nayo ni yetu ya visiwani.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, alihamia akiwa mtoto nyumba ya Bet il Watoro alikokuwa kaka yake Majid. Majid alipenda michezo ya wanaume, akaamua mdogo wake naye ajifunze. Salme aliandika katika kumbukumbu zake, zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, kwamba alifundishwa kutumia upanga, jambia na mkuki, na kupiga bunduki na bastola. Mama yake, Jilfidan, hakufurahi hata kidogo. Angependa zaidi kumuona binti na sindano mkononi. Tunachokipenda katika habari ile ni kwamba hakuna khofu ndani yake. Alifundishwa na mtu aliyempenda, nyumbani kwao, kama mchezo. (Mwaka 1859 Salme huyo huyo aliingia katika njama ya Barghash dhidi ya Majid, akiwa mwandishi wao wa barua. Mwalimu wa shabaha hana dhamana ya mwanafunzi!)

Na kama mnataka mume na mke, wako Martin na Osa Johnson, Wamarekani. Walioana mwaka 1910, Osa akiwa na miaka 16, msichana wa mji mdogo wa Kansas. Miaka ya 1920 waliishi Marsabit, Kenya, karibu na ziwa walilolipa jina la Paradise, wakipiga filamu za wanyama. Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa huu: Martin anazungusha kamera, Osa amesimama pembeni na bunduki. Faru au simba akija mbio, mume hana silaha mkononi, ana kamera, na uhai wake uko katika shabaha ya mkewe. Mwanamume yule hakuwa akimfundisha mke ili ajionyeshe kwa marafiki. Alikuwa anamuhitaji.

Sasa dini. Katika maelezo ya Sahih Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir, Mtume (s.a.w.) aliieleza nguvu kuwa ni kurusha, yaani kulenga. Katika hadithi nyingine ametaja pamoja michezo isiyo ya kupoteza wakati: kurusha mshale, kumfundisha farasi, na mume kucheza na mkewe. Angalieni vilivyowekwa pamoja. Na Nusaybah bint Ka'ab, Ummu Umara, alikuwa na upinde na upanga siku ya Uhud, mumewe na wanawe wakiwa uwanja huo huo. Kwa hivyo anayekwambia mwanamke wa Kiislamu hana mahali penye shabaha, hajasoma sira vizuri.

Ila hadithi hizo wanaume wengi wanazo kichwani tayari. Za kuwakumbusha ni nyingine. Mtume amekataza mtu kumnyooshea nduguye silaha. Amekataza kupokezana upanga uliochomolewa alani. Amemwamrisha anayepita msikitini na mishale aishike kwenye ncha zake. Amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea, kwa hivyo kuku na kunguru wa watu wamo. Na katika Sunan Abu Daud imo habari ya masahaba waliokuwa safarini, mmoja amelala, mwenzake akamchukulia kamba yake kwa mzaha, akaamka kwa khofu. Mtume akasema si halali Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Ikiwa kamba ina hukumu hiyo, mume anayempigia mkewe bunduki nyuma ya mgongo ili acheke anavyoruka, yeye ana hukumu gani?

Tumewasikia wanawake waliopelekwa mara ya kwanza na waume zao wakapewa bunduki kubwa kuliko zote, bila kuzibwa masikio, kitako kikawapiga bega, na watu wakacheka. Hawakurudi tena, na baadhi hadi leo hawataki hata maneno ya bunduki ndani ya nyumba. Hapo mume amepoteza mwenzake kwa kicheko cha dakika moja.

Dada yetu, ukikubali kwenda, nenda kwa masharti yako, na uyaseme kabla ya harusi, wakati bado mnasikilizana kwa adabu za uchumba. Siku ya kwanza usipige chochote. Kaa mbali, masikio yamezibwa, utazame tu, kwa sababu mlio wa bunduki hupita desibeli 140 na sikio likiumia halirudi. Siku nyingine ishike ikiwa tupu, umeoneshwa kwamba ni tupu, ujue mdomo wake hauelekezwi kwa mtu hata siku moja na kidole hakigusi mtambo mpaka umeamua kupiga. Kisha anza na bunduki ya upepo, ambayo mlio wake ni mdogo na haina teke la kutisha. Ikiwezekana afundishe mwanamke mwingine au mwalimu wa uwanja. Mume hufundisha vizuri mambo mengi, lakini mke akikosa mbele ya mumewe huona haya mara mbili. Na ukisema "leo basi", iwe basi, bila kuulizwa kwa nini.

Uliza pia kuhusu leseni. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kuwa na bunduki kwa mapenzi yake tu. Uliza inawekwa wapi, nani ana ufunguo, na watoto wakija itakuwaje. Mchumba akikasirika kwa masuali haya, umepata jibu la jambo kubwa kuliko bunduki.

Ukishika mimba, simama kwanza umuone daktari. Kuna kishindo, na kuna vumbi la risasi. Lugha yetu imeyapa madini na kipande kinachotoka mtutuni jina moja, na yote mawili yana madhara. Osha mikono kabla ya kula hata kama huna mimba.

Na ukishindwa kabisa, ukabaki ukumbini na chupa ya chai ukimsubiri, ndoa yako haijapungua kitu. Bi Aisha (r.a.) alitazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, Mtume amemsitiri, mpaka alipochoka mwenyewe kutazama.

Kwa anayetaka kujua mchezo huu unaweza kumfikisha wapi mwanamke mwenye hijabu: katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, Bahiya al-Hamad alibeba bendera ya Qatar na kushindana kwa bunduki ya upepo, na Wadha al-Balushi wa Oman akashindana kwa bastola ya upepo. Katika shindano la bunduki ya upepo alikuwamo pia Nur Suryani Mohamed Taibi wa Malaysia, mwenye mimba ya miezi minane. Shabaha yao iko mita 10, na kwa bunduki ya upepo nukta ya katikati, ile yenye alama kumi, ina upana wa nusu milimita. Nur Suryani alimaliza wa 34, akarudi kwao Malaysia kujifungua.