Kadi ya Mama

Nilipokuwa mtoto hapa Vingunguti, Tanzania Bara ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, Radio Tanzania Dar es Salaam. Mama alikuwa akinunua kadi ya salamu, anaandika majina ya ndugu, anaipeleka posta, nasi tunasubiri kusikia. Sikutambua kwamba kwa kadi ile Mama alikuwa analipia kipindi.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza. Vituo hivyo vipya viliishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye fedha akawa mkubwa kuliko msikilizaji.

Mwaka 2018 nilikuwa na podikasti yangu, kipindi cha habari za mtaa ninachorekodi kwa simu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zikatoka mwaka huo: maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000 na ada ya mwaka 1,000,000. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukopa.

Mfanyabiashara mmoja akakubali kunidhamini, kwa sharti nisitaje maji machafu yanayopita nyuma ya ghala lake. Deni lilinisukuma nikubali. Nikawaza: watoto wa mtaa wanaoyaruka maji hayo wakienda shule watasemewa na nani?

Nilikataa. Nikawaeleza wasikilizaji ukweli, nao wakaanza kunitumia 500 au 1,000 kwa simu. Deni bado sijalimaliza. Lakini kila fedha inapoingia, naikumbuka kadi ya Mama.