Mpira wa povu na sponji iliyovishwa mpira: majina mawili kwa watengeneza karagosi wa Kizuka

Karagosi ni sanamu ya kuchezeshwa. Umbo lake ni kazi ya fundi, lakini uhai wake wote unatoka kwenye mkono, kijiti au uzi wa anayemchezesha. Hapo ndipo anapoachana na mwanasesere, ambaye mtoto humbeba na kumlaza tu. Neno lenyewe asili yake ni Kituruki: mchezo wa vivuli wa Waturuki unaitwa kwa jina la mhusika wake mkuu, Karagöz, yaani "jicho jeusi", na mwaka 2009 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kwa mtu anayetumiwa na wakubwa, Kiswahili kina kibaraka. Makala hii inamhusu karagosi halisi, avaliwaye mkononi, hasa yule ambaye vijana wa Kizuka, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Rumonge, wanaweza kumtengeneza bila fedha nyingi.

Karagosi huyo hutajwa kwa kawaida kuwa ni "wa povu na mpira". Tatizo linaanzia hapo, kwa sababu maneno hayo yanabeba kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Kazi moja inataka kalibu, tanuri na kemikali kadhaa. Nyingine inataka wembe, gundi ya viatu na chupa ya utomvu. Anayeshika jina bila kujua ni kazi ipi inayosemwa anaweza kumaliza akiba ya kikundi kizima kabla hajapata hata pua ya karagosi. Kwa hiyo Kiswahili kinahitaji majina mawili.

Kazi ya kwanza naiita mpira wa povu. Hapa utomvu wa mpira wenyewe ndio unaogeuzwa kuwa povu. Fundi hufinyanga kichwa kwa udongo, akakimwagia jasi ili apate kalibu. Kisha huchanganya utomvu na sabuni, salfa na oksidi ya zinki, akaupiga kwa mashine kama mayai ya keki mpaka uumuke, akatia dawa ya kuugandisha, akaumimina ndani ya kalibu na kuuoka kwa saa kadhaa kwenye joto lisilofika la maji yanayochemka. Kinachotoka ni kichwa chepesi, laini, chenye kila kunyanzi lililokuwa kwenye udongo. Njia ya kuumua utomvu hivi ilipatikana katika kampuni ya Dunlop, Uingereza, mwaka 1929. Baadaye ikawa ngozi ya watu mashuhuri katika vipindi vya kejeli vya televisheni, kama Spitting Image cha Uingereza kilichoanza mwaka 1984.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 2009 runinga ya Citizen ya Kenya ilianza kurusha The XYZ Show, kipindi kilichobuniwa na mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, baada ya kuvutiwa na Les Guignols de l'info cha Ufaransa. Wanasiasa wa Kenya walionekana wakiwa na nyuso za mpira, wakibishana na kuimba. Kazi ile ilikuwa na karakana, mafundi waliofunzwa na wafadhili. Kikundi cha vijana kikitaka kuiiga kwa jiko la mkaa kitaunguza utomvu na kuvunja kalibu.

Kazi ya pili naiita sponji iliyovishwa mpira. Hapa povu na mpira ni vitu viwili mbalimbali vinavyokutana mwishoni. Sponji ni ile ya godoro, au matela kama wengi wanavyosema kuanzia Bujumbura hadi Uvira. Haina mpira ndani yake: ni poliurethani, plastiki iliyovumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake. Godoro lililochakaa likifuliwa na kukaushwa linatosha vichwa vingi. Kuiita sponji povu kunapotosha, kwa kuwa povu kwa Mswahili ni la sabuni au la mawimbi, nalo hupotea. Sponji hukatwa, hushonwa na kugundishwa. Neno liko tayari midomoni mwa watu, na tulitumie.

Utomvu wa mpira nao unahitaji uangalifu. Ni maji meupe yanayochuruzika mti wa mpira ukigemwa, yakatiwa amonia yasigande chupani. Vitabu vya afya vinaandika lateksi, na neno hilo lifae kwa lebo na glavu. Wengine hupendekeza ulimbo, lakini ulimbo ni wa kunasia ndege na sifa yake ni kunata, ilhali utomvu wa fundi ukikauka unapaswa kuwa ngozi isiyonata. Nasema utomvu wa mpira, kwa ukamilifu wake, kwa sababu utomvu peke yake ni wa mti wowote. Mnyaa, ule wa kuzungushia nyua, una utomvu mwingi mweupe, nao huunguza ngozi na unaweza kuharibu macho. Yeyote asije akaukinga ule kwa kudhani ameokoa fedha.

Tuchukue mhusika ambaye mwambao huu hauhitaji kuelezwa: Gustave, mamba mkubwa wa Rusizi na kaskazini ya Tanganyika, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye. Kichwa chake kinaanza na vipande viwili virefu vya sponji, taya la juu na la chini. Hukatwa kwa wembe mpya, kwa mikato mirefu, maana wembe butu huparura sponji na kuacha makapi. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, husubiriwa mpaka isishike kidole, ndipo pande zikagusanishwa. Zikishagusana hazirudi nyuma. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, kwa sababu mvuke wa gundi hulevya. Ndani ya mdomo hukatwa nafasi ya mkono: vidole vinne vinapanda kwenye taya la juu, dole gumba linashika la chini.

Magamba ndiyo sehemu tamu. Utomvu hugongwagongwa juu ya sponji kwa kipande kidogo cha sponji, si kwa kupitisha brashi, ili uingie kwenye vitundu. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Ukiwa bado mbichi, kinalazwa juu yake kipande cha wavu wa ndagala uliotupwa, kinavutwa kikae sawa mgongoni na kwenye pua, kisha unapigwa mkono wa pili juu ya wavu. Utomvu mbichi ni mweupe. Ukikauka hupitisha mwanga na kuelekea rangi ya kahawia hafifu, na hiyo ndiyo ishara ya kuendelea. Mikono mitatu au minne inatosha. Wavu unabaki ndani, unazuia ngozi isichanike kila mdomo unapofunguka, na macho yake yanajichora juu kama magamba. Rangi ya maji huchanganywa na utomvu wa mkono wa mwisho. Ichanganywe hafifu kidogo, kwa kuwa hukolea ikikauka. Mwishoni hupakwa poda, la sivyo taya la juu litashikamana na la chini.

Rangi ya mafuta isitumike kabisa, na hapo Rumonge inahitaji onyo la pekee. Hii ni nchi ya michikichi, na mawese yako mikononi mwa watu kutwa. Mpira wa asili unapoguswa na mafuta huvimba, hulainika, kisha huoza. Anayemchezesha Gustave anawe kwa sabuni kabla ya kumvaa, na karagosi asihifadhiwe chumba kimoja na madumu ya mawese. Jua nalo huukausha mpira na kuupasua, basi akae kwenye mfuko, kivulini. Mabaki ya sponji yasichomwe, maana moshi wake ni sumu, yajaziwe mito. Na mwenye mzio wa mpira asiguse utomvu wala karagosi.

Kitu cha kununua hasa ni utomvu. Ukikosekana, sponji ivishwe kitambaa, na huyo aitwe karagosi wa kitambaa, bila aibu yoyote. Mwaka 1955 Jim Henson alimshona Kermit wa kwanza kwa koti kuukuu la mama yake, na karagosi huyo akajulikana dunia nzima.

Nasisitiza majina haya kwa sababu makaragosi wana kazi kwetu. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, vikundi vya makaragosi vimetumika kufundisha afya, hasa habari za UKIMWI, kwa kuwa sanamu inaweza kutamka mbele ya wazee neno ambalo kijana angeona haya kulisema. Mwambao wetu umepigwa na kipindupindu mara kwa mara. Gustave anayekataa kunywa maji ya ziwa yasiyochemshwa angesikilizwa na watoto kuliko bango lolote ukutani. Ili kikundi kimtengeneze, maelekezo lazima yawe ya Kiswahili kinachosema wazi nini kinaokwa na nini kinapakwa.

Kwa hiyo napendekeza walimu na wafasiri waandike hivi: mpira wa povu, kwa utomvu ulioumuliwa na kuokwa ndani ya kalibu; sponji iliyovishwa mpira, kwa sponji ya godoro iliyopakwa utomvu mkono baada ya mkono. Na kila wanapokuta "povu na mpira" bila maelezo zaidi, waulize kwanza kama kazi inataka tanuri. Ikiwa haitaki, Kizuka inaweza kuianza kwa godoro kuukuu, wembe na wavu uliotupwa.