Uchaguzi wa Filamu ya Rangi katika Eneo la Mpaka wa Kenya na Uganda: Busia, Tororo na Majanji

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya uchaguzi wa filamu ya rangi katika eneo la mpaka linalounganisha Busia, Tororo na ufuo wa Majanji. Hoja yake ni kwamba uamuzi ulioonekana kuwa wa mpiga picha ulikuwa umekwisha kufanywa, kwa kiasi kikubwa, na watu watatu asiowajua: mkemia wa kiwandani, mwagizaji wa bidhaa na mwendesha mashine wa maabara. Nafasi iliyobaki mikononi mwake ilikuwa finyu, lakini ndiyo iliyoamua kama uso wa mteja ungeonekana au ungemezwa na giza. Makala inaonyesha pia kwamba uchaguzi huohuo umeziacha albamu za familia katika hatari ya kufifia, na inapendekeza hatua za kuzinusuru.

1.0 Utangulizi

Majanji ni kituo cha wavuvi katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, katika eneo la Ghuba ya Berkeley. Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wa Kenya na Uganda, humwaga maji yake katika ghuba hiyo. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilipoutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, Wasamia walijikuta katika tawala mbili. Wateso nao wanaishi pande zote mbili hadi leo. Kwa upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997 ilipofanywa wilaya inayojitegemea.

Historia ya upigaji picha katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kuitazama pwani. Kitabu cha Heike Behrend cha mwaka 2013, kwa mfano, kinajadili Lamu na Mombasa kwa kina. Eneo la mpaka wa bara lina swali lake mahususi: bidhaa inayotoka ng'ambo ya bahari, inayodai fedha za kigeni ili iingizwe nchini na mashine ili isafishwe, ilichaguliwaje mahali ambapo njia za biashara zilifungwa na kufunguliwa mara kwa mara? Ili kulijibu, makala inaziweka pamoja historia tatu ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: ya kemia, ya biashara na ya mpaka.

2.0 Uamuzi wa Kwanza: Kiwandani

Filamu za rangi za kisasa zilianza na Kodachrome ya kampuni ya Kodak, Marekani, mwaka 1935, ikifuatwa mwaka 1936 na Agfacolor ya Ujerumani. Zote mbili zilitoa slaidi, yaani picha angavu zinazotazamwa kwa kumulikwa ukutani. Slaidi ilimfaa mtalii, mmisionari na mwalimu mwenye projekta na umeme. Haikumfaa mvuvi aliyetaka picha ya kutundika ukutani au kumtumia ndugu yake. Filamu ya rangi ya negativu, ambayo huzaa nakala nyingi za karatasi, ilikuja na Kodacolor mwaka 1942.

Badiliko lililogusa zaidi maeneo ya mbali lilitokea mwaka 1972, Kodak ilipoleta utaratibu wa kusafisha filamu uitwao C-41. Katika miaka iliyofuata viwanda vingine, vikiwamo Fuji na Konica vya Japani na Agfa ya Ujerumani, vilitengeneza filamu zinazosafishwa kwa utaratibu huohuo. Tangu hapo maabara yenye seti moja ya kemikali iliweza kupokea filamu ya kampuni yoyote kati ya hizo. Mwaka 1976 kampuni ya Noritsu ya Japani ilianza kuuza mitambo midogo ya kusafisha filamu na kuchapa picha za rangi ndani ya duka moja. Kwa mpiga picha wa mpakani, jina lililoandikwa kwenye kasha halikuwa tena kizuizi cha kwanza. Swali likawa: kuna filamu gani dukani, na maabara iko wapi?

3.0 Ngozi Iliyosahauliwa

Kiwandani ndiko pia ulikofanywa uamuzi kuhusu ngozi. Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, ameeleza jinsi maabara za picha zilivyosawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Uso wake ndio uliokuwa kipimo cha ngozi ya kawaida. Filamu na karatasi zikatengenezwa ili uso huo upendeze. Ngozi nyeusi, hasa ilipokaa karibu na kitambaa cheupe, ilipoteza undani wake: macho na meno yakaonekana, huku mashavu, paji la uso na mikunjo ya umri vikitoweka.

Roth anaonyesha vilevile kwamba msukumo wa kuboresha filamu haukutoka kwa watu weusi walioonewa na kadi hizo. Ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba aina za mbao na vivuli vya kahawia havikutofautishwa katika picha za matangazo. Marekebisho yaliyofuata yaliwafaidi watu wa Majanji na Tororo, lakini hawakuwa wao waliokusudiwa. Hoja hii ni ya msingi, kwa kuwa inaondoa dhana iliyozoeleka kwamba picha mbaya ilikuwa siku zote kosa la fundi wa kijijini.

4.0 Uamuzi wa Pili: Mpaka na Maabara

Mwaka uleule wa 1972 ulioleta C-41 ndio Idi Amin alioamuru kufukuzwa kwa Waasia nchini Uganda katika muda wa siku 90. Waasia walikuwa na sehemu kubwa ya biashara ya uagizaji na ya maduka ya mijini, na katika Afrika Mashariki nzima walikuwa miongoni mwa wamiliki wakuu wa studio. Uhaba wa fedha za kigeni uliofuata uliifanya sabuni, sukari na chumvi kuwa bidhaa za magendo. Filamu, ambayo kiwanda chake hakikuwapo popote katika eneo hili, haikuweza kusalimika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na biashara halali ya kuvuka mpaka ikazidi kuwa ngumu.

Katika mazingira hayo mpaka wa Busia ulikuwa ukuta na mlango kwa wakati mmoja. Neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki yote, linahusishwa na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo vya mpakani. Kasha la filamu ni dogo kuliko sabuni, linaingia mfukoni. Lakini filamu haikomi kwenye kununuliwa. Sharti irudi maabara, na picha zirudi tena kwa mteja. Ile nyeusi na nyeupe iliweza kusafishwa katika chumba cha giza cha studio ndogo kwa kemikali chache. Ile ya rangi ilidai joto la kemikali lisilobadilika, takriban nyuzi 38 za Selsiasi, pamoja na mashine, maji safi na umeme. Hivyo kuchagua rangi kulikuwa kuchagua kuitegemea maabara ya mji mwingine, na pengine ya nchi nyingine.

Utegemezi huo ulikuwa na sura mbili. Behrend anaeleza kwamba huko Mombasa, kuenea kwa maabara za rangi katika miaka ya 1980 kuliwawezesha wapiga picha wa mitaani, wakiwamo wale wa kivuko cha Likoni, kufanya kazi bila chumba cha giza na kuwanyang'anya wateja wenye studio. Mtaji ukapungua hadi kamera na filamu. Kwa upande mwingine, fundi aliyekuwa akitawala kazi yake tangu kubonyeza hadi kuchapa alikabidhi nusu ya ufundi wake kwa mashine.

5.0 Uamuzi wa Tatu: Mikononi mwa Mpiga Picha

Ni nini basi kilichobaki kuchaguliwa? Kwanza, kasi ya filamu. Majanji iko karibu kabisa na Ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana ni kali na maji huurudisha mwanga. Filamu ya ISO 100, yenye chembe ndogo, ilitosha ufuoni na kwenye uwanja wa kanisa. Ndani ya nyumba, au jioni mashua zinaporudi, ISO 400 ilifaa zaidi. ISO 200 ilikuwa suluhu ya mtu asiyemudu kubeba filamu mbili.

Pili, kiasi cha mwanga. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na slaidi haivumilii sana kosa la upande wowote. Tuchukue harusi ya saa sita mchana: bibi harusi amevaa gauni jeupe, bwana harusi suti nyeusi, na nyuso zao ni nyeusi. Kipimo cha kamera, kikidanganywa na gauni, hupunguza mwanga, na nyuso huzama. Anayeijua filamu yake huipangia ISO 200 kama kwamba ni 100, akiipa mwanga maradufu. Gauni hubaki na undani wake katika negativu, na nyuso huokolewa. Hapa ndipo ujuzi wa mwenyeji ulipoweza kusahihisha, kwa sehemu, upendeleo uliotiwa kiwandani.

Tatu, muda. Filamu ya picha 36 ilikuwa na bei nafuu kwa kila picha kuliko ya 24, lakini ilichelewa kwisha. Mahali penye wateja wachache ilikaa ndani ya kamera kwa majuma, na joto huidhoofisha picha ambayo haijasafishwa na kupotosha rangi zake. Akiba ya fedha iliweza kugeuka hasara ya sura. Baada ya hapo ilibaki bahati ya maabara: mashine ilisawazisha kila picha kwa wastani, na mwendeshaji asiyegusa vitufe vya marekebisho aliweza kuutia giza uso uliopigwa kwa uangalifu mkubwa.

6.0 Gharama Iliyochelewa

Gharama kubwa zaidi ilionekana baadaye. Picha nyeusi na nyeupe imeundwa kwa madini ya fedha. Picha ya rangi imeundwa kwa rangi za kemikali, nazo hufifia hata zikiwa gizani. Henry Wilhelm, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliweka wazi udhaifu wa karatasi nyingi za rangi za miongo iliyotangulia. Katika nyingi za karatasi hizo rangi ya samawati ndiyo hutangulia kutoweka gizani, na picha hubaki na wekundu. Unyevu wa ziwani na albamu zenye gundi huongeza kasi ya uharibifu.

Ulinganisho mmoja unatosha. Mwaka 2015 zilipatikana katika shirika la utangazaji la Uganda negativu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali, kwa sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, na baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Sura ya dola imesalia kwa sababu ilihifadhiwa kwa fedha na kabatini. Sura ya familia za mpakani, ya ubatizo, mahari na mashua mpya, ilihifadhiwa kwa rangi na chini ya kitanda.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba filamu ya rangi haikuchaguliwa kwa macho peke yake. Kemia iliamua ngozi ipi ingependeza, mpaka uliamua kasha lipi lingefika, na maabara iliamua ni nini kingerudi. Mpiga picha alibaki na kasi, kiasi cha mwanga na muda, naye alistahili kuitwa fundi kwa jinsi alivyovitumia hivyo vitatu.

Kwa kuwa kufifia hakungoji, inapendekezwa kwamba idara za historia na Kiswahili za vyuo vya pande zote mbili zishirikiane kunakili albamu za familia kidijitali, zitenge negativu na kuzihifadhi mahali pakavu na penye ubaridi, na kuandika majina ya waliomo kutoka kwa wazee wanaowakumbuka. Rangi ikishapotea, wataalamu wanaweza kukisia ilikuwa ipi. Jina la aliyesimama ufuoni halikisiwi.