Mwanga si Mionzi: Historia ya Kolposkopu na Funzo Lake kwa Istilahi

Mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kutofautisha maneno mawili, mwanga na mionzi. Mwanafizikia atasema kwamba mwanga nao ni mionzi, na ni kweli. Lakini mgonjwa wa saratani asikiapo "mionzi" huwaza mashine ya kutibia uvimbe, na huenda akaogopa hata kupimwa. Historia ya kolposkopu yatosha kutuonyesha njia.

Kifaa hiki kilibuniwa Ujerumani na Hans Hinselmann, daktari wa magonjwa ya wanawake, aliyetoa taarifa yake mwaka 1925. Alikusudia kuiona saratani ya mlango wa kizazi ingali changa, kabla haijaonekana kwa macho matupu. Aliunganisha lenzi za kukuza na taa. Hapakuwa na mionzi ya kutibia wala ya kupigia picha za mifupa. Ulikuwa mwanga wa kuonea tu.

Hata hivyo, mwanga peke yake haukutosha. Walter Schiller wa Vienna alipaka ayodini: tishu yenye afya ikawa ya hudhurungi, na ile yenye kasoro ikabaki na umanjano. Mwaka 1938 Hinselmann alieleza matumizi ya asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Sehemu zenye seli zisizo za kawaida huwa nyeupe kwa muda, kwa kuwa hurudisha mwanga zaidi. Weupe huo si uthibitisho wa saratani. Huonyesha mahali pa kukata kipande kidogo cha kuchunguzwa kwa hadubini.

Sasa tutazame jina. Kolpos kwa Kigiriki ni ghuba au mkunjo. Kumbe hata wataalamu wa Ulaya walitumia tasfida. Wala si vema kukiita kifaa kwa jina la mbunifu wake, kwani mwaka 1946 alitiwa hatiani kwa kuwafunga uzazi wanawake wa Kiroma kwa nguvu. Jina lifuate kazi. Kifaa husimama nje ya mwili na kutazama kwa umbali upatao shubiri moja. Basi "darubini ya mlango wa kizazi" yaeleweka, na kolposkopu ibaki kwa mabingwa.

Na katika kila karatasi apewayo mgonjwa, iandikwe wazi: uchunguzi kwa mwanga.